Video Haichezi

Siku ya kuniaga mlisimama mmoja baada ya mwingine mkanisifu. Mkuu wa chuo alisema nimekuwa mhimili wa teknolojia. Hayo ni maneno ya mtu asiyejua mwenzake alikuwa akifanya kazi gani. Nilikaa pale na soda yangu, kitenge cha zawadi mapajani, nikajiambia kwamba nikipata nafasi nitaandika mwenyewe, maana ninyi mliobaki katika chumba cha kompyuta mtaulizwa siku moja Mama Kabula alikuwa anafanya nini, na nawajua, mtajibu upuuzi.

Kazi yangu ilikuwa hii. Watu walikuja wakasema video haichezi, nami nikafanya icheze. Kulikuwa na mengine, nyaya, printa, nywila zilizosahauliwa na watu waliozitunga dakika kumi zilizopita, lakini ukichota maisha yangu yote ya kazi ukayachuja, kinachobaki kwenye chujio ni mtu amesimama mbele ya kivinjari, ananyoosha kidole kwenye kisanduku cheusi, anasema haichezi. Na kila mmoja aliisema kwa sauti ya kunilaumu, kana kwamba ni mimi niliyeikataza.

Nilianzia Mirongo, kwa Mzee Kanji. Duka lile lilikuwa la baba yake, la kutengeneza redio, naye alikuwa amekata nusu yake kwa mbao nyembamba akaweka kompyuta za kukodisha kwa dakika. Nilikuwa nimetoka kusoma kozi na cheti changu kwenye bahasha ya plastiki, nikidhani natafutwa na dunia. Mzee Kanji alikitazama cheti, akakirudisha kwenye bahasha, akaniambia nifagie.

Siku ile ile ya kwanza alikuja bwana mmoja aliyetaka kuangalia magoli. Enzi hizo kivinjari peke yake hakikujua kuchezesha video. Kilihitaji kiprogramu cha pembeni, na kila tovuti ilitaka cha kwake, na kila kiprogramu kilitaka toleo jipya kuliko ulilonalo. Nilimwona bwana yule anahangaika, nikaacha ufagio. Nilimwekea kiprogramu kimoja, kikagoma. Nikaweka cha pili. Nikaweka na cha tatu, vikaanza kugombana vyenyewe kwa vyenyewe, mashine ikaganda. Bwana akadai arudishiwe pesa yake.

Mzee Kanji hakunigombeza. Alivuta kiti, akaniambia, "Dada, mikono mapajani." Nikaweka mikono mapajani kama mtoto wa chekechea, na yeye naye akaweka ya kwake. Tukaitazama ile mashine. Kisha akamuuliza kijana wa zamu ni nani alikaa pale kabla ya yule bwana. Kumbe alikaa mwanafunzi aliyezima viprogramu vyote ili barua pepe zake zifunguke haraka. Hapakuwa na cha kuweka. Palikuwa na cha kuwasha tu.

"Mashine haijiharibu, dada," aliniambia. "Kuna mtu. Na mtu ana sababu yake."

Mimi nilichukua nusu ya kwanza ya maneno yale, kwamba kuna mtu. Ilinitosha kwa miaka yote niliyofanya kazi, maana kila nilipokwenda nilimkuta huyo mtu, na mara nyingi alikuwa bado ameketi hapo hapo, anakula karanga juu ya kibodi.

Kwa Mzee Kanji ndiko nilikotengenezea kifaa changu muhimu kuliko vyote, ambacho ninyi mmekuwa mkikicheka. Ni ile video ya kuku. Niliirekodi uani kwake, kuku wake wanadonoa mtama kwenye sinia la bati, nikaipandisha mtandaoni. Ni fupi, haina maana yoyote, na hakuna aliyewahi kuitazama isipokuwa mimi. Lakini mdomo wa kuku ukigonga bati unasikia ta, na ukiona mdomo umegonga halafu ta ikafuata baadaye, unajua mashine imelemewa. Ukiona mdomo lakini hakuna ta, ni sauti. Kuku wakiwa wa kijani, ni kadi ya picha. Kuku wakicheza vizuri na video ya mteja haichezi, basi kivinjari ni kizima na ugonjwa uko kwingine. Mmenunuliwa programu za kupimia zenye michoro ya rangi, na bado mnapiga ramli. Mimi nilikuwa na kuku.

Nilipohamia chuoni nilidhani nakwenda kukutana na watu wa aina nyingine. Nilikutana na wale wale, wamevaa suti tu. Mhasibu wetu wa kwanza alikuwa mtu mpole sana, na upole wake ndio uliomponza. Kila tovuti iliyomwambia akubali, alikubali. Kivinjari chake kilikuwa kimepandwa vijisehemu vya kutafutia, vya hali ya hewa, vya kushusha sinema, mstari juu ya mstari, mpaka ukurasa wenyewe ukabaki upenyo kama wa dirisha la stoo. Aliniambia video zimekuwa fupi. Nilimuuliza anamaanisha dakika. Akasema hapana, zimekuwa fupi kwenda juu.

Alikuwepo katibu muhtasi aliyeifunika kompyuta yake kwa kitambaa cha kufuma, kizuri kweli, chenye maua pembeni, kilichoziba matundu yote ya hewa. Video zilimkatikakatika kila baada ya chai. Niliondoa kitambaa, mashine ikapoa, kuku wakadonoa sawasawa. Wiki iliyofuata kitambaa kilikuwa kimerudi, na chini yake kingine. Alinieleza kwamba kompyuta tupu inaonekana kama nyumba isiyo na mwanamke. Sikuwa na programu ya kutibu hilo.

Na walikuwepo wabana bando, ambao ni wengi kuliko wote, na ninyi nyote mmo miongoni mwao. Mtu anaingia kwenye mipangilio, anakiambia kivinjari kibane matumizi, kisilete picha kubwa, kisianzishe video bila ruhusa. Kivinjari kinatii. Halafu anakuja kwangu analalamika kwamba video ina ukungu na haianzi yenyewe, na analaumu ubahili ambao amekifundisha yeye. Nikimwonyesha alipoweka tiki, anasema hakuweka. Basi iliwekwa na popo.

Kisha ikaja siku ambayo vile viprogramu vya pembeni vilikufa vyote. Vivinjari vilikuwa vimejifunza kuchezesha video vyenyewe, vikavifukuza. Masomo yote ya video ambayo chuo kilikuwa kimeyanunua yakageuka visanduku vya kijivu. Kikaitwa kikao. Katika kikao mtu mmoja, sitamtaja, alishauri turudi kwenye kivinjari cha zamani na tukifungie kisisasishwe milele, na watu wenye akili zao wakatikisa vichwa kukubali. Nilisema kwamba huko ni kuacha mlango wazi kwa sababu umezoea mwanga wa barazani. Wakaandika kwenye muhtasari kwamba wazo lilipokelewa. Tukaishi na visanduku vya kijivu mpaka masomo yakabadilishwa.

Kutoka hapo chukueni kanuni moja, kwa kuwa naona bado mnaanguka. Siku hizi ukurasa ukikuambia upakue kitu ndipo video icheze, huo ni wizi. Usipakue. Kivinjari kilichosasishwa kina kila kinachohitajika. Jaribu kuku kwanza. Kisha fungua ukurasa kwenye dirisha la faragha, ambako vikorombwezo vyote ulivyokipachika kivinjari huwa vimezimwa, na ikicheza huko, anza kuving'oa kimoja kimoja. Angalia kama kichupo cha ukurasa, pale juu, hakijanyamazishwa. Angalia ruhusa ya sauti. Picha ikiwa ya kijani au ikicheza na kuganda, zima kile kipengele cha kuipa kadi ya picha kazi ya video, uwashe upya. Na angalia saa ya mashine, kwa maana tovuti za siku hizi hazimwamini mtu asiyejua ni saa ngapi. Msianze na kufuta kashe. Ninyi mnafuta kashe kama watu wanaomeza panado kwa kuvunjika mguu.

Ile ya saa mimi mwenyewe nilikuwa naifanya kwa kuitupia jicho tu pembeni ya kioo, nikapita. Shikeni hilo, nitalirudia.

Kazi yangu ya mwisho niliifanya nikiwa nimeshastaafu, nyumbani kwa jirani yangu, Mama Magesa. Sisi tunakaa Ilemela, upande wa ziwani, kwenye mawe, na nyumba yake iko juu kidogo ya yangu. Mwanawe Magesa alikuwa Ulaya, anafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba yao maalumu. Alikuwa akija likizo anapita kunisalimia, shikamoo mama, halafu ananiuliza maswali ya kompyuta ambayo hata ninyi hamjawahi kuniuliza. Aliugua huko huko, akafa huko huko. Kumleta kukashindikana. Ndugu walikaa wakakubaliana azikwe kule, na kanisa la kule likasema litaonyesha ibada na mazishi mtandaoni ili mama yake aone.

Mama Magesa hakubisha. Alichosema ni kimoja tu, kwamba hatakaa tu kuangalia kama watu wanaoangalia tamthilia. Aliwaomba vijana wachimbe kishimo kidogo pembeni ya kaburi la mume wake, hapo hapo uani, mkabala na baraza. Akachota udongo wa pale pale, akautia kwenye bakuli. Kule wakianza kutupa udongo juu ya jeneza, na yeye atatupa wa kwake, wakati ule ule, ili mtoto asiseme amefukiwa na watu baki.

Mwenyekiti wa kamati ya msiba alikuwa Bwana Shija, mwenye duka la saruji Buzuruga. Bwana Shija ni mtu anayejua kila kitu kabla hujamaliza kukieleza. Alikuwa ameazima televisheni kubwa, akaiweka barazani chini ya turubai, akaniita niiunganishe na kompyuta ya marehemu, yaani ile ndogo ambayo Magesa alimletea mama yake ili wawe wanaonana. Kanisa lilikuwa limetoa nywila moja ya kuangalia, na ikishafungua mashine moja haikubali ya pili. Bwana Shija alikuwa ameshaiingiza asubuhi kwenye kompyuta ile, kwa majaribio, bila kumuuliza mtu. Kwa hiyo ama mashine ile, ama hakuna.

Niliisafisha kama inavyotakiwa. Nilisasisha kivinjari, nikaondoa takataka ambazo wajukuu walikuwa wameshapanda, nikazima ubanaji wa bando, nikatoa ruhusa ya sauti ili tusije tukaona padri anafungua mdomo kimya. Mtandao ulikuwa mzuri. Kisha nikajaribu kuku. Waombolezaji barazani walitulia, wakaangalia kuku wakidonoa mtama kwenye televisheni kubwa, ta, ta, ta, na mama mmoja wa jumuiya akauliza kwa sauti ya chini kama hayo ndiyo mazishi ya Kizungu. Nikafungua ukurasa wa mazishi.

Ukurasa ulionyesha picha ya Magesa, amevaa koti, anatabasamu, na chini yake maandishi kwamba matangazo bado hayajaanza, subirini, na namba za kuhesabu kurudi nyuma. Namba zile zilikuwa za saa nyingi. Mpaka jioni.

Nilimwambia Bwana Shija kuna kitu hakiko sawa. Joseph, rafiki yake Magesa aliyekuwa anashughulikia mambo kule, alikuwa ametuambia kwa saa za kwetu kabisa, ibada inaanza saa sita mchana. Bwana Shija akacheka kwa pua. Akaniambia Ulaya wako nyuma yetu, kila mtu anajua, na huyo kijana amekosea tu kuhesabu. Akawatangazia watu kwamba ratiba imesogezwa, ibada ni jioni, akina mama wapakue chakula. Masufuria yakafunuliwa. Mtu akishakuwa mwenyekiti wa kamati, hata jua huzama kwa idhini yake.

Mimi nikabaki na mashine. Nilifungua dirisha la faragha, ikaniambia subiri. Nilijaribu kivinjari kingine, subiri. Nilifanya hata kile ninachowakatazeni, nikafuta kashe. Subiri. Nikatupa jicho pembeni ya kioo, saa inasema 6:10. Saa sita na dakika kumi, ni kweli, nikapita.

Hapo simu ya Mama Magesa ikaita. Alikuwa ni Joseph. Bwana Shija aliichukua akaiweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama," Joseph akasema, kwa kunong'ona kama mtu aliye kanisani. "Mnatuona? Padri ameshaanza."

Bwana Shija akamwambia huku kwetu inasema bado.

"Bado nini, mzee? Jeneza liko mbele yangu. Ibada ni fupi, inamalizika sasa hivi, na kaburi liko hapo nje tu."

Sahani zilisimama hewani. Mama Magesa aliinuka kwenye mkeka na bakuli lake. Hakumtazama mwenyekiti. Alinijia mimi, akasimama karibu mpaka nikasikia harufu ya ule udongo.

"Mama Kabula," akasema, "wasije wakamfukia mimi sijatupa."

Nimeitwa na wakuu wa idara wakitetemeka kwa hasira mbele ya wageni kutoka wizarani, wala sikuwahi kusahau hatua inayofuata. Siku ile niliisahau. Bwana Shija naye, nyuma yangu, alikuwa ananiambia nizime niwashe. Watu waliobobea katika saruji hupenda sana kuzima na kuwasha.

Nikafanya alichonifundisha Mzee Kanji. Niliondoa vidole kwenye kibodi, nikaweka mikono mapajani. Simu yangu ilikuwa mapajani pale, nikaigusa ikawaka. 12:20. Nikainua macho kwenye kompyuta. 6:20. Macho yangu yalisoma saa sita na dakika ishirini mara mbili, sawa na sawa, kama ambavyo macho yenu yangesoma, kwa sababu sote tumezoea tangu utotoni kuona namba moja na kusema nyingine. Sikuona tofauti. Kisha nikaiona.

Mtu alikuwa ameirudisha saa ya mashine nyuma kwa saa sita nzima, ili namba zifuate maneno ya kinywani. Kwetu ilikuwa mchana. Kwa kompyuta ile kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Na ukurasa wa mazishi haukuwa unajua lolote kuhusu jua la Ilemela. Uliiuliza mashine ni saa ngapi, mashine ikajibu kama ilivyofundishwa, ukurasa ukasema basi bado, subirini.

Nikasema kwa sauti, na baraza zima likasikia, "Ni mjinga gani amechezea saa ya mashine hii?"

"Ni Magesa," mama yake akajibu.

Yeye akaendelea, taratibu tu, bila kunikasirikia. "Alivyokuja likizo ya mwisho. Mimi nilisoma ngumbaru, namba nazijua, ila kugeuzageuza nachanganyikiwa. Akaniambia, mama, usihangaike, soma kama unavyosema. Akisema atapiga saa mbili, naangalia pale. Ikifika mbili, nakaa."

Nilifungua mipangilio, nikawasha ile ya saa kujirekebisha kwa mtandao. Namba zikaruka. Nikapakia ukurasa upya. Picha ya Magesa anayetabasamu ikatoweka, na mahali pake kikaja kile kiduara kinachozunguka. Nimekidharau kiduara kile maisha yangu yote. Siku ile nilikiomba.

Picha ikaja. Majani mabichi yenye maji, watu wamevaa makoti meusi, shimo limekatwa vizuri kama sanduku. Jeneza lilikuwa limeshashushwa. Ruhusa ya sauti niliyoiweka asubuhi ilifanya kazi, maana tulisikia upepo wa kule na padri anasoma kwa lugha yao. Kisha Joseph akasogea mbele, tukamtambua kwa namna alivyojikunja kwa baridi, akainama akachukua udongo.

Mama Magesa alikuwa ameshaondoka barazani. Alitembea bila kukimbia mpaka kwenye kile kishimo pembeni ya kaburi la mumewe, akageuka kutazama televisheni, akamwona Joseph akifungua mkono. Na yeye akamimina. Si wote. Alimimina kiganja kimoja, akangoja, kila aliyetupa kule akamimina na yeye, mpaka bakuli likaisha, kisha akalifuta kwa kanga yake akaliweka chini. Ndipo akalia, na sote tukalia. Bwana Shija alilia kuliko wote, lazima niseme hivyo kwa kuwa ni kweli.

Baadaye watu wakiwa wanakula, nilirudi kukusanya nyaya. Mama Magesa alikuja akaketi kwenye kiti pembeni yangu, akaitazama kompyuta. Ilikuwa saa nane mchana. Pembeni ya kioo paliandikwa 2:00.

"Hiyo mbili ni ya nini?" akaniuliza.

Nikamweleza kwamba ndiyo saa nane, ndivyo mashine zinavyoandika.

"Mimi naona mbili." Akaigusa kwa kidole. "Joseph amesema atakuwa ananipigia yeye, Jumapili, saa mbili usiku, kama mwenzake. Nirudishie ya Magesa."

Nilianza kumpa somo. Nilimwambia saa ikirudi vile, tovuti zitamkataa, video ya mazishi ambayo kanisa limeahidi kumwekea ataikosa, hata simu za picha huenda zikagoma. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Kisha akaendelea kuitazama ile mbili, wala hakurudia ombi lake.

Ndipo nikakumbuka nusu ya pili ya maneno ya Mzee Kanji, ile ambayo sikuwahi kuitumia, kwamba mtu ana sababu yake.

Nilirudi kwenye mipangilio. Saa ya ndani nikaiacha kama ilivyo, sahihi, ijirekebishe kwa mtandao. Nilichobadilisha ni mahali. Kila kompyuta ina orodha ya miji ya dunia, unaiambia uko wapi nayo inakuandikia saa za pale. Nikashuka kwenye orodha, nikapita Nairobi, nikapita miji yote ya Ulaya, nikavuka bahari, mpaka nikapata mji ulio nyuma yetu kwa saa sita kamili. Nikabonyeza. Moyoni mashine inajua ukweli, na usoni inaongea kama Mama Magesa. Pembeni ya kioo pakaandikwa 8:05.

Mama Magesa alisogea karibu. "Nane," akasema. "Na dakika tano." Akaifunga taratibu, akaiingiza ndani.

Jumapili iliyofuata nilipanda kwake nikajaribu kuku, kisha tukaijaribu na simu ya picha ya Joseph. Vyote vikacheza.

Kwa hiyo nawaandikieni hili mapema. Mimi sitaishi milele, na iko siku mmoja wenu ataitwa Ilemela kwa mama mmoja anayekaa juu ya mawe, aambiwe video haichezi. Ataifungua kompyuta yake na kukuta inaamini iko Brazili. Atacheka. Atageuka awaulize watu ni mjinga gani amefanya hivi, kwa kuwa nimewafundisha mimi, na ndivyo tunavyouliza. Basi jibu analo hapa: mjinga huyo ni mimi. Tafuteni ugonjwa kwingine, na saa hiyo msiiguse.